Gia Zinazogeuza Mabawa ya Jua
Hotuba ya wauguzi wa umoja wetu katika sherehe za Sikukuu ya Jamhuri

 

Mwenyekiti ametupa sisi wauguzi dakika kumi, na wengi wenu mnatarajia habari za presha na sukari kama kila mwaka. Leo tumeomba ruhusa tuzungumze juu ya gia. Tuna sababu, na tutaifikia.

Tuanze na tarehe yenyewe. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani, ya kwanza kuundwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani. Ikaitwa Uhuru, kwa heshima ya Kenya na ya siku ile. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba mambo ya anga ni ya wenyewe, tumkumbushe Malindi.

Sasa tupande juu kidogo. Kituo cha Kimataifa cha Anga huizunguka dunia kwa kimo cha kilomita 400 hivi, na mzunguko mmoja huchukua dakika 90. Umeme wake hutoka kwenye mabawa manane ya sola, manne kila upande, kila bawa likiwa na urefu wa karibu mita 35. Kituo kinapozunguka, mabawa hayo lazima yageuke ili yaendelee kulitazama jua. Kila upande una kiungo kikubwa cha duara, upana wake zaidi ya mita tatu. Pembeni mwa duara hilo kumechongwa meno, na gia ndogo inayoendeshwa na mota huyasukuma polepole, nyuzi nne tu kwa dakika. Beringi 12 hulishika duara lisiyumbe. Hesabu ni rahisi: mzunguko mmoja kila dakika 90 ni zaidi ya mizunguko 5,500 kwa mwaka, bila likizo.

Mafundi walioko hapa wanajua kwamba gia huishi kwa grisi. Lakini huko juu hakuna hewa, na mafuta ya kawaida hugeuka mvuke yakapotea. Vyuma safi vikisuguana mahali pasipo hewa vinaweza kugandana kama vilivyochomelewa. Upande wa jua joto hupita nyuzi 100, na kivulini baridi hushuka zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri, kwa hiyo chuma hutanuka na kusinyaa mara nyingi kila siku. Ndiyo maana gia za huko hukatwa kwa vipimo vikali sana na kupakwa grisi maalumu.

Mwaka 2007 kiungo cha upande wa kulia kiliugua. Tunasema kiliugua kwa sababu sisi wauguzi tunaitambua lugha hii. Dalili mbili zilionekana kwenye skrini za waliokuwa wakikilinda kutoka duniani: umeme unaovutwa na mota ulipanda, na kiungo kikaanza kutetemeka. Mwezi Oktoba mwanaanga Daniel Tani alitoka nje, akafungua kifuniko na kukuta vumbi la chuma. Akachukua sampuli kwa utepe wa kunata, kama sisi tunavyochukua damu kupeleka maabara. Kiungo kikapumzishwa, kikawa kinageuzwa pale tu palipohitajika. Majibu ya uchunguzi yalionyesha kwamba grisi ilikuwa pungufu: uso mgumu wa duara ulivunjika vipande vidogo, na vipande hivyo vikazidi kuusaga.

Matibabu yalifika Novemba 2008 na chombo Endeavour. Heidemarie Stefanyshyn-Piper na wenzake walitoka nje mara nne. Walifuta vumbi, wakapaka grisi, wakabadilisha beringi 11. Ile ya kumi na mbili ilikuwa imeshabadilishwa mapema. Kisha wakafanya jambo lililotufurahisha sana kama wauguzi: wakaenda upande wa kushoto, kwenye kiungo ambacho hakikuwa na ugonjwa, wakakipaka grisi nacho. Hiyo ndiyo kinga.

Sasa sababu yetu. Kwenye wodi za wagonjwa mahututi tunategemea pampu ya sindano. Dawa ya kupandisha presha iliyoanguka hupimwa kwa maikrogramu. Ikizidi kidogo ni hatari, ikipungua kidogo ni hatari. Mikono yetu haiwezi kusukuma polepole namna hiyo usiku kucha. Ndani ya pampu kuna mota ndogo, gia na skrubu ndefu, na kuna mtu mahali fulani aliyezikata bila kukosea. Hatumjui jina, lakini mgonjwa wetu akifika asubuhi, mtu huyo naye ameshiriki kumuuguza.

Na hapa kwetu, kijana akisema anataka kusomea kuchonga vyuma au uhandisi wa mitambo, anajibiwa nini? “Fanya nasing kwanza, hayo mengine baadaye.” Tunaelewa jibu hilo linatoka wapi. Uuguzi umetulisha. Shahada tulizozipata huku ugenini zimelipa karo za wadogo zetu na kujengea wazazi nyumba. Lakini kijana asiye na moyo wa uuguzi akisukumwa wodini, anaumia yeye na anaumia mgonjwa. Na ufundi si kazi ya walioshindwa shule.

Kwa hiyo tunaleta hoja mbele ya mkutano mkuu. Mfuko wa karo wa umoja wetu unasaidia wanaosomea shahada tu. Tunaomba ufunguliwe pia kwa wanaojiunga na vyuo vya ufundi. Na mafundi na wahandisi wetu wapewe meza kwenye sherehe zijazo, kando ya meza yetu ya presha, watoto waje washike gia kwa mikono yao.

Tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita 10, iliachiliwa angani kutoka kituo hichohicho. Iliandaliwa na vijana ambao kuna mtu aliwaruhusu kusoma walichokipenda. Wetu nao wako hapa ukumbini, wanatusikiliza.

Meza ya presha iko pale mlangoni. Msitoroke. Heri ya Jamhuri.