Kukesha na Kudumu katika Imani: Fundisho la Sardi

Mada kwa semina ya wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya

1. Utangulizi

Tumezoea kuomba ulinzi pale tunapojijua dhaifu. Mada hii inahusu pale tunapojiona imara, kwa maana ndipo wengi wetu tunapoangukia.

2. Upande usio na mlinzi

Sardi ulikuwa mji mkuu wa Lidia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Ngome yake ilikaa juu ya genge refu. Yapata mwaka 546 K.K., Koreshi wa Uajemi aliuzingira. Mwanahistoria Herodoto anasimulia kwamba askari mmoja wa Lidia aliangusha kofia yake ya chuma, akashuka gengeni kuifuata, kisha akapanda tena. Adui alikuwa akimtazama. Kesho yake Waajemi walipanda papo hapo, upande ambao haukuwekewa mlinzi kwa kuwa ulidhaniwa haupandiki. Zaidi ya miaka 300 baadaye, jeshi la Antioko wa Tatu nalo liliingia Sardi kwa kukwea mahali palipoachwa bila ulinzi.

Waumini wa mji huo ndio walioandikiwa Ufunuo 3:1-6. Barua hiyo haitaji mateso wala walimu wa uongo. Inakemea kanisa lenye sifa nzuri lililokufa ndani, na kuliagiza likeshe. Inawakumbuka pia wachache waliodumu.

3. Hali yetu

Mzee wa kanisa amebatizwa, amepata Kipaimara, amefunga ndoa kanisani, na bahasha yake ya ahadi haikosi. Lakini tangu Pasaka hajaomba na watoto wake. Mtunza hazina anaaminika mno, hata hakuna anayekagua daftari lake. Hapo ndipo genge letu lilipo.

Hata bidii yahitaji mlinzi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Kwa maelezo ya mamlaka za Kenya, waumini walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kufunga ni jambo jema. Fundisho lile halikupimwa.

4. Mapendekezo

(a) Kila nyumba iwe na sala ya jioni, hata ya dakika kumi, na watoto nao waombe.
(b) Kila kiongozi awe na mwenzake wa kumwuliza habari za roho yake, fedha zake na ndoa yake.
(c) Kila fundisho lipimwe kwa Maandiko, kama walivyofanya watu wa Beroya (Matendo 17:11).
(d) Anayekosa jumuiya mara mbili mfululizo atembelewe.

5. Hitimisho

Kudumu ni kazi ya kila siku, na Mungu hutupa neema yake kila siku. Nawasihi: kabla hatujatawanyika, kila mmoja amtajie mwenzake upande mmoja ambao hajaulinda, na aanze kuulinda leo.