Tomati Tuliyoiacha Fizi

(Maneno ya kikundi cha bustani, siku ya kukumbuka kuingia kwetu Nyarugusu)



Tumeombwa tuseme machache juu ya bustani. Tutasema juu ya tomati moja. Kwenye kikao cha matayarisho wapo waliocheka: watu waliopoteza ndugu na nyumba, sasa wanalilia nyanya? Ndugu zetu, waliopotea tunawataja kila mwaka, na leo pia wametajwa. Lakini hii huenda bado inapatikana, ndiyo maana tunaisema.

Ilikuwa ndogo kama yai la njiwa, ngozi nyembamba, yenye uchachu kidogo. Ukiipeleka kwa kikapu mpaka soko la Baraka inafika imekuwa maji, kwa hiyo haikuuzwa. Ilikuwa ya nyumbani. Mama aliiponda kwa vidole ndani ya sufuria ya ndagala, akatia mawese na chumvi, basi. Wala hakuna aliyeipanda. Ilijiotea yenyewe nyuma ya jiko, pale palipotupwa majivu na maganda, kila mvua zilipoanza.

Hapo ndipo tulipoipotezea. Mwaka 1996, vita ilipotufikia, mama zetu walifunga maharage na mahindi kwenye pindo la kitenge wakavuka nayo ziwa. Maharage yale wengine tunayo hadi leo. Tomati hakuna aliyeikumbuka, kwa sababu hakuna aliyewahi kuweka mbegu yake.

Huku tulipanda nyanya za dukani, na hatuzidharau. Tengeru 97, iliyotolewa Tengeru, Arusha, mwaka 1997, inazaa vizuri na inavumilia safari ya gari. Ukiweka mbegu yake unapata nyanya ileile. Zile za chotara ndizo zilizotuchezea. Tuliweka mbegu, na msimu wa pili kila mche ukazaa kwa sura yake, nasi tulikwisha kuwaahidi majirani!

Kuanzia mwaka 2005 wenzetu wengi walirudi kwa meli, kutoka Kigoma hadi Baraka. Tuliwaagiza. Wa kwanza alitujibu kwamba kiwanja cha nyumba kimekuwa pori. Wengine hawakujibu, nao walikuwa na mengi ya kufanya. Baadaye sana ikaja karatasi iliyokunjwa, ndani yake mbegu kidogo, zimetoka nyuma ya jiko katika kijiji cha jirani. Tulizipanda zote, na hilo lilikuwa kosa letu, nusu tungeziweka. Ikaota miche 11, mbuzi akala minne.

Matunda yalipoiva tuliwaita bibi zetu watatu wanaoikumbuka vizuri. Wawili walionja wakasema ndiyo yenyewe, na mmoja wao akalia. Wa tatu alitafuna taratibu, akasema hapana: ile ya kwetu ilikuwa na mikunjo karibu na kikonyo, na ukigusa jani lake harufu hubaki mkononi mpaka jioni. Hatukumbishia. Labda yeye anakumbuka ya kijiji chake. Labda wale wawili walitaka sana iwe ndiyo. Mbegu tumeiweka, jina bado hatujaipa.

Vijana wetu waliozaliwa hapa hawawezi kuamua, kwao nyanya ni nyanya. Wanaoweza ni hao bibi watatu, na mwaka jana walikuwa wanne.

Kwa hiyo tunaomba. Mwenye kuona nyanya ndogo ya namna hiyo, imejiotea penye jalala au imeletwa na mgeni, asiichume mbichi. Iive kabisa. Aikamue ndani ya kikombe pamoja na maji yake, aiache siku mbili au tatu mpaka itoe povu, aioshe, aianike kivulini juu ya sahani. Kwenye karatasi mbegu hunata. Aifunge ikiwa kavu, aandike imetoka wapi na kwa nani. Mbegu tano zinatosha kuanza. Na tunda moja zima atuletee la kuonja.

Tunapokea kila Alhamisi jioni ofisini kwa kamati, isipokuwa ikiangukia siku ya mgao. Bibi aliyekataa naye atakuwepo.