Heroe Hafugwi Wawili Watatu

Ndugu wasikilizaji, juma hili pale sokoni Lizaboni kijana mmoja mwuza nguo alinitupia hoja. Kwa nini bustani ya wanyama ya Ruhila, hapa hapa Songea, isiletewe heroe wawili watatu, wale ndege wa rangi ya waridi ambao wengi huwaita flamingo? Watoto wetu, alisema, Ziwa Natroni wataliona lini?

Hoja hiyo ina uzito. Natroni iko kaskazini kabisa mwa nchi, na nauli ya kufika huko si ya mchezo. Huko ndiko wanakoanguliwa takriban robo tatu ya heroe wote duniani wa ile jamii yenye umbo dogo. Mtoto wa Ruvuma naye ana haki ya kuujua utajiri huo. Mimi natofautiana na kijana wangu kwenye hayo maneno "wawili watatu".

Heroe ni ndege wa kundi. Kabla ya kutaga, hucheza kwanza. Mamia hujipanga, wakatembea pamoja huku wakigeuza vichwa kulia na kushoto kama askari wa gwaride. Wakiwa wachache, ngoma hainogi na mayai hayaonekani. Ndiyo maana baadhi ya bustani za ng'ambo huwawekea vioo vikubwa, ili wadhani wenzao wameongezeka.

Huko Slimbridge, Uingereza, watafiti waliwachunguza heroe wanaofugwa kuanzia mwaka 2012 hadi 2016. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba ndege hawa huchagua marafiki na kudumu nao kwa miaka. Wapo pia wanaokwepana, kama majirani waliogombana. Kwa hiyo ukimhamisha mmoja, huenda umemtenga na rafiki wa miaka mingi.

Matunzo nayo yana gharama. Rangi ile hutokana na chakula. Akikosa chakula chenye viini vya rangi, manyoya hufifia na kuwa meupe. Akisimama kutwa kwenye saruji, nyayo hufanya vidonda. Anahitaji tope, maji na nafasi. Wengine huwakata bawa moja wasiruke, kisha dume hupoteza mizani wakati wa kupanda jike, na mayai hayarutubiki.

Wala si mzigo wa mwaka mmoja. Katika bustani ya Adelaide, Australia, alikufa heroe mwaka 2014 akikadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 80. Nani kati yetu ataahidi matunzo ya muda huo?

Rai yangu ni hii: kama hatuna uwezo wa kufuga kundi zima, tusifuge hata mmoja. Fedha hizo tuzichangie safari ya wanafunzi kwenda Natroni, hata kama ni darasa moja tu kwa mwaka. Ruhila nayo ituonyeshe vizuri wanyama wanaoimudu mazingira yake. Mtoto akioneshwa ndege mpweke aliyepauka, atakuwa amejifunza nini?

Hadi juma lijalo, kwaherini.