Moyo Hausubiri Boti

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, wana-Mafia wenzetu,

Sisi watatu tuliosimama mbele yenu tulipata mshtuko wa moyo kwa nyakati tofauti, sote tukiwa hapa Dar es Salaam. Kifua kilibana kama kimewekewa jiwe, maumivu yakashuka mkono wa kushoto, jasho jembamba likatutoka. Kila mmoja alifikishwa mapema Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, akazibuliwa mshipa. Leo tunatembea. Dawa tunameza kila siku, chumvi tumepunguza, sigara tumeacha.

Tulipona kwa sababu tulikuwa karibu. Mshipa wa moyo ukiziba, msuli huanza kufa, na kilichokufa hakirudi. Ndugu yetu aliyeko nyumbani, akipewa rufaa ya kuja huku na akakosa ndege, ana bahari ya kuvuka kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, kisha barabara.

Ndiyo maana harambee ya mwaka huu tumeomba tuibebe sisi. Fedha zitanunua mashine za kupima umeme wa moyo kwa zahanati za vijijini, na kuweka akiba ya nauli za wagonjwa wa dharura. Kipimo huchukua dakika chache. Mganga akijua mapema, safari huanza mapema.

Kadi za michango ziko mezani, zetu tumeshajaza. Tulichopewa hakilipiki, ila kinagawika. Karibuni tugawane.