Vunjajungu Anatufundisha Nini?

  Fungueni ukurasa huu, mfuate maneno kwa kidole.

Leo tutazungumza habari za mdudu mmoja. Mnamfahamu. Rangi yake ni ya kijani au ya udongo. Hukaa juu ya majani ya mtama, amekunja mikono yake miwili ya mbele kama mtu anayesali. Jina lake ni vunjajungu. Watu wa kale walisema kwamba mtu akimgusa mdudu huyu, atavunja chombo atakachoshika baadaye. Ndiyo asili ya jina lake.

Mtazameni anapowinda. Hana haraka. Hutulia kabisa mpaka nzi akaribie. Kisha mikono hutoka ghafula, hunasa, huvuta. Mikono hiyo ina miiba, na nzi haponyoki.

Katika nchi ya China, jimbo la Shandong, kuna mchezo wa kupigana wenye jina la mdudu huyu. Ni namna moja ya kung fu. Hadithi husema kwamba mtu mmoja aitwaye Wang Lang alishindwa katika mapigano. Siku moja alimwona vunjajungu akipigana na nyenje na kumshinda. Akachukua unyasi, akamchokoza mdudu yule, akatazama jinsi anavyojikinga. Hiyo ni hadithi tu, lakini mchezo wenyewe ni wa kweli. Mwalimu mmoja mashuhuri, Luo Guangyu, aliyezaliwa mwaka 1888 na kufa mwaka 1944, aliufundisha katika chama cha Jingwu mjini Shanghai.

Hufundishwaje? Mwanafunzi hapigani siku ya kwanza. Hufundishwa mfululizo wa hatua na mapigo, akaufanya peke yake, tena na tena. Mfululizo mmoja wa mwanzo huitwa Beng Bu. Mtu asiyejua akipita atacheka, aseme, "Tazameni, anapigana na upepo!"

Lakini kila tendo lina kazi yake. Tuseme mtu anakurushia ngumi. Kwanza, unakunja kiganja chako kama ndoano, unanasa mkono wake. Pili, unauvuta kando na chini, naye anayumba. Tatu, mkono wako wa pili unapiga. Nasa, vuta, piga. Wanafunzi wawili hujizoeza hayo polepole, na pigo husimama kabla ya kumwumiza mwenzake.

Je, kisomo chetu si hivyo hivyo? Ninyi mlianza na ba, be, bi, bo, bu. Labda jirani alicheka. Ba peke yake si barua. Lakini leo mama aliyeanza na ba anamwandikia mwanawe aliye Mwanza, wala hamwombi mtu amwandikie.

Sasa tufike kwenye jambo zito. Wazee wetu, Wakurya, Wangoreme, Waikoma na Wanata, walijua sana upinde na mshale. Ulikuwa ujuzi wa kuwinda na kulinda mifugo. Lakini katika Tarime ujuzi huo umetumika pia kwa wizi wa ng'ombe na kwa vita vya koo. Watu wamekufa, na watoto wamebaki yatima. Mshale ukiisha kutoka haurudi.

Sheria yetu inasemaje? Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 18 na vinavyokifuata, humruhusu mtu kujilinda yeye, kumlinda mwenzake, na kulinda mali. Lakini nguvu atakayotumia iwe ya kiasi, ilingane na hatari. Mwizi akiisha kukamatwa na kufungwa kamba, kumpiga si kujilinda tena. Ni kosa. Mpelekeni kwa mtendaji wa kijiji au polisi. Anayempiga mpaka afe huenda akashtakiwa kwa kuua, na ng'ombe aliyeokolewa atauzwa kumlipa wakili.

Hapo ndipo faida ya mazoezi. Mkono uliozoezwa huweza kusimama. Mkono wa hasira hausimami. Baba, ukimwona kijana wako ana nguvu nyingi, mpe mchezo wenye mwalimu na amri, iwe ngumi, mieleka au kung fu. Afundishwe kupiga, na afundishwe kuacha.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini mdudu huyu huitwa vunjajungu?
2. Taja matendo matatu tuliyoyaeleza.
3. Ni wakati gani kumpiga mwizi si kujilinda tena?
4. Andika sentensi mbili juu ya jambo ulilojifunza kwa kulirudia mara nyingi.

Kwaherini, ndugu zangu, mpaka somo lijalo.