Mkataba wa Siri Hautibu Mgonjwa

Hotuba ya wakili kwa mkutano wa wanaharakati na waumini



Mmenitaka nizungumze juu ya ubia kati ya serikali na makampuni ya kibinafsi katika utoaji wa huduma za afya. Huenda yuko anayejiuliza: jambo hili lina uhusiano gani na harakati za mageuzi? Namkumbusha kwamba wazee wetu walipodai kifungu cha 2A kifutwe, nacho kikafutwa mwezi wa Desemba 1991, walikuwa wakidai kitu kikubwa kuliko wingi wa vyama. Walidai kwamba anayetawala awajibike kwa anayetawaliwa, na kwamba hazina ya taifa isifanywe mfuko wa wachache. Dai hilo halikuishia kwenye debe la kura. Leo linatufuata hadi wodini.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu katika hospitali moja ya umma. Daktari aliagiza apigwe picha. Mashine ilikuwapo, mpya, imefunikwa shuka jeupe. Aliyepaswa kuiendesha hakuwapo. Muuguzi alitueleza kwa masikitiko kwamba mtaalamu huyo hajaajiriwa bado. Tukavuka barabara, tukalipa katika kliniki ya mtu binafsi. Nami, kwa mazoea ya kazi yangu, nikajiuliza: mashine hii ni ya nani, na ni nani anayelipwa huku imelala?

Swali hilo ndilo lililonifanya niufuatilie mpango wa kukodi vifaa vya hospitali, uliozinduliwa mwezi wa Februari 2015. Wizara ya Afya ilitia saini mikataba na makampuni, miongoni mwao General Electric, Philips na Mindray, ili yalete vifaa katika hospitali mbili za kila kaunti na katika hospitali kuu za rufaa: mashine za picha, vifaa vya vyumba vya upasuaji, vya wagonjwa mahututi na vya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Muda uliowekwa ulikuwa miaka 7, na gharama iliyotangazwa shilingi bilioni 38. Makampuni yangeleta vifaa, yavitunze na kuwafunza watumishi. Serikali ingelipa kila mwaka.

Fikra yenyewe haikuwa mbaya, nami sitasema uongo mbele ya madhabahu. Yuko mgonjwa wa figo aliyekuwa akisafiri usiku kucha kuifuata mashine huko Nairobi au Eldoret, na baada ya mpango huo akaipata karibu na kwake. Huo ni uhai, na anayeubeza hajapata kuuguza.

Lakini tutazame jinsi mambo yalivyoendeshwa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi serikali za kaunti hospitali za kaunti. Hata hivyo, aliyejadiliana na kutia saini alikuwa wizara iliyoko Nairobi. Magavana walilalamika kwamba hawakuonyeshwa mikataba waliyotakiwa kuigharamia. Kila kaunti ilitozwa shilingi milioni 95 kwa mwaka hapo mwanzo, baadaye milioni 200, kaunti kubwa kwa ndogo sawasawa, na fedha hizo zilikatwa kabla ya kuifikia kaunti yenyewe. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na baadaye kamati maalum ya Seneti iliyotoa ripoti yake mwaka wa 2020, walikuta vifaa vilivyokaa bure kwa ukosefu wa umeme, maji, majengo au wataalamu. Seneti ililaumu vikali usiri uliougubika mpango huo. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Naomba mlielewe kosa lilipo, maana wengi hulikosea shabaha. Kampuni kutafuta faida si ajabu; ndiyo kazi yake. Kosa ni kwamba malipo yalifuata kalenda, hayakumfuata mgonjwa. Mashine itumike isitumike, ankara ilikuja. Hasara yote ilibebwa na mlipa ushuru, ambaye hakuwa ameisoma hata sentensi moja ya mkataba. Aliuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Mwaka wa 2008 serikali ya Lesotho ilitia saini mkataba wa miaka 18 na muungano ulioongozwa na kampuni ya Netcare ya Afrika Kusini, uijenge na kuiendesha hospitali ya Queen 'Mamohato mjini Maseru. Hospitali ilifunguliwa mwaka wa 2011, na wapo walioisifu huduma yake. Lakini malipo yaliilemea hazina ya nchi hiyo ndogo, ugomvi ukazuka, na mwaka wa 2021 serikali ikauvunja mkataba kabla ya muda wake.

Nasi tumejifunza? Mwaka wa 2024 bima ya zamani ilibadilishwa, tukaletewa SHA, pamoja na mfumo wa kompyuta wa shilingi bilioni 104.8 unaotolewa na muungano wa makampuni. Mwaka wa 2025 Mkaguzi Mkuu alieleza bungeni kwa maandishi kwamba mfumo huo si mali ya serikali. Siri za magonjwa yetu zimewekwa katika nyumba tunayoilipia wala hatuimiliki.

Sikuja hapa kuulaani ubia. Kanisa lenyewe ni mbia wa tangu kale. Hospitali za Kikuyu, Tumutumu na Chogoria zilikuwa zikitibu wagonjwa kabla jamhuri hii haijazaliwa. Mwaka wa 1986 makanisa ya Kiprotestanti na ya Kikatoliki yaliungana kuanzisha shirika la MEDS ili hospitali zao zipate dawa bora kwa bei nafuu. Basi mnajua ubia mwema unavyofanana: kila mmoja anajua alicholeta, hesabu zinasomwa, na mgonjwa anaonekana. Kwa sababu hiyo, kanisa lina haki ya kusema, na pia lina wajibu wa kufungua vitabu vyake kwanza.

Tufanye nini? Katiba imetupa silaha tatu. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 227 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na wenye kuleta thamani ya fedha. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali, na hata zilizoko kwa mtu mwingine, iwapo zahitajika kulinda haki fulani. Kampuni haiwezi kujificha nyuma ya neno “kibinafsi” pale afya ya watu inapohusika.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Afisa anatakiwa kujibu katika muda wa siku 21. Akikataa au akinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Kwa hiyo nawaomba kila parokia na kila kikundi kiandike barua moja kwa serikali ya kaunti yake, kudai nakala ya kila mkataba wa hospitali na kampuni, na kuuliza maswali matatu. Mashine ikilala, ni nani anayelipa? Mtaalamu wa kuiendesha ataajiriwa na nani, kwa fedha ipi? Mkataba ukiisha, mali itabaki kwa nani? Barua hiyo haihitaji wakili. Na mkinihitaji, nitaisoma bila malipo.

Shangazi yangu alipona, kwa kuwa tulikuwa na pesa mfukoni. Nyuma yetu kwenye foleni ile palikuwa na mama aliyempakata mtoto, naye hakuvuka barabara. Aligeuka akarudi nyumbani. Mimi na nyinyi tuna deni kwake.

Mungu awabariki, na ailinde Kenya.