Waya wa Kurefushia Umeme Karakanani



Wengi wetu, tutokapo ofisini, twafanya useremala nyumbani. Msumeno wa wati 2,300 katika umeme wa volti 230 huvuta ampea 10. Basi tusiufunge kwenye waya mwembamba wa taa.

Tena waya uliozungushwa katika gurudumu lake tuukunjue wote kabla ya kazi. Ukiwa umekunjwa, joto la mizunguko halina pa kutokea. Plastiki huyeyuka, na moto huweza kuzuka.

Uzi wa kijani na manjano, uendao ardhini, usikatwe kamwe: mashine ikivuja umeme, huo ndio umwokoao fundi.

Kukunjua waya ni kazi ya dakika mbili. Kujenga nyumba iliyoungua ni kazi ya miaka.